Nkejje wa mafunjo: mama aleaye kinywani

Hutokea hivi. Tangi la kioo limekaa mezani sebuleni kwa muda wa miezi miwili. Maji ni maangavu, majani yamestawi, samaki ni wazima. Asubuhi moja jike mmoja anakataa chakula. Koo limevimba chini ya taya mfano wa mtoto mwenye matubwitubwi, naye amejibanza nyuma ya jiwe, akitafunatafuna pasipo na kitu cha kutafuna. Siku ya pili hali ni ile ile. Siku ya tatu au ya nne tumbo limeanza kubonyea. Hapo mwenye nyumba hushikwa na huruma. Humwaga maji yote, husugua mawe kwa sabuni, hutia dawa aliyoshauriwa na jirani, kisha humkamata mgonjwa kwa wavu ili amtenge. Na ndani ya wavu ule mgonjwa hutema punje thelathini au arobaini za rangi ya manjano. Ndipo inapofahamika kwamba hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa amebeba watoto kinywani.

Samaki huyu ni mdogo, aghalabu hazidi urefu wa kidole cha mtu mzima, na makao yake ni vinamasi na vijito vya nchi iliyo kati ya Jinja na Mbale, pamoja na sehemu nyingine nyingi za bonde la Ziwa Victoria. Wavuvi wa Uganda humtia pamoja na jamaa zake katika jina moja la nkejje, kama vile watu wa Mwanza wasemavyo furu. Wataalamu humwita Pseudocrenilabrus multicolor victoriae. Ndugu zake wa Mto Nile upande wa Misri waliandikwa katika vitabu vya elimu ya samaki mwaka 1903, na tangu miaka ile wamefugwa Ujerumani na kwingineko Ulaya katika vyombo vya kioo, vizazi kwa vizazi. Huyu wa kwetu alipewa jina lake la tatu mwaka 1990 tu. Hivyo samaki ambaye mtoto wa Busoga humchota kwa kikapu pamoja na tope, na kumtupa kwa kuwa hatoshi kitoweo, amekuwa mgeni mheshimiwa katika nyumba za ng'ambo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wako wanaotamani samaki wa baharini. Picha za matumbawe na samaki wa rangi saba huvutia, na miongoni mwa wale wanaosifiwa kwa upole ni jamii ya visamaki wasio na magamba waitwao Callionymidae, ambao baadhi yao huishi katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ni wapole kweli. Hawagombani na mtu. Lakini kisamaki yule hula siku kutwa vijidudu hai vidogo mno vinavyotambaa juu ya mawe, na mara nyingi hukikataa chakula kikavu. Akitiwa katika tangi changa, ambalo mawe yake hayajaota uhai, hukonda taratibu huku wenziwe wakinenepa, hata siku moja akaonekana amelala chini. Tena tangi la maji ya chumvi ni gharama kubwa hata kwa mtu wa Mombasa au Tanga aliye na bahari mlangoni. Jinja iko mbali na bahari hiyo kwa zaidi ya kilomita 800, hata kwa mwendo wa ndege. Kuchukua maji ya chumvi mahali penye chemchemi ya Mto Nile ni sawa na kupeleka nazi Pemba.

Basi na tumtazame huyu wa nyumbani. Hapana budi kueleza kwanza jinsi alivyosalia, maana kusalia kwake hakukuwa jambo dogo.

Mji wa Jinja una historia ndefu ya elimu ya samaki. Mwaka 1947 lilianzishwa hapo shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi EAFRO. Humo katika miaka ya 1950 alifanya kazi P. H. Greenwood, mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapambanua nkejje mmoja mmoja, kwa meno yao, taya zao na vyakula vyao. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi iliendelezwa na Uganda yenyewe, na leo taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, ingali na makao yake Jinja. Kilichogunduliwa na watu hao ni kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 300 za nkejje. Wengine walikula konokono, wengine mwani, wengine magamba ya samaki wenzao, na wako waliojifunza kunyang'anya mayai na vifaranga katika vinywa vya akina mama.

Wakati wa miaka ile ile ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliletwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria. Nia ilikuwa njema: nkejje ni mdogo na ana miiba mingi, na ilidhaniwa kwamba samaki mkubwa akimla, miiba hiyo itageuka kuwa minofu. Kwa miaka kadhaa halikuonekana jambo. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka ghafla, nao nkejje wakaisha katika nyavu kama chumvi katika maji. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Sangara hakuwa peke yake katika hatia hiyo. Nyavu zilizidi, na maji ya ziwa yalichafuka kwa udongo na taka hata samaki wasiweze kutambuana rangi. Na haki itendeke: sangara yule yule alileta viwanda vya minofu na mishahara Jinja, Mwanza na Kisumu. Lakini bei ililipwa na nkejje. Baadhi ya aina zao zilipata kuhifadhiwa katika matangi ya kioo ya Marekani na Ulaya, na ndiyo sababu watu wenye busara hawalidharau tangi la sebuleni.

Huyu mdogo aliokolewa na mafunjo. Chini ya mafunjo maji ni meusi, yametulia, na oksijeni yake ni haba sana. Sangara mwenye mwili mkubwa hawezi kukaa humo, hukosa pumzi. Nkejje wa mafunjo anaweza. Katika utafiti uliofanywa Uganda tangu miaka ya 1990 na Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na wenzake, ilionekana kuwa samaki wa vinamasini wana matamvua makubwa kuliko wale wa maji ya wazi. Kisha walichukuliwa watoto wa mama mmoja wakagawanywa: nusu wakalelewa katika maji yenye hewa nyingi, nusu katika maji yenye hewa haba. Wale wa hewa haba wakaota matamvua makubwa zaidi kuliko ndugu zao. Sehemu ya utafiti huo ilifanyika katika Mto Mpologoma, ambao msafiri wa kutoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi huuvuka. Mpologoma maana yake ni simba. Msafiri hauoni mto wenyewe kwa wepesi. Huona bahari ya kijani, mafunjo upande mmoja na mpunga upande mwingine.

Mpunga huo ni chakula na ada za shule, wala hakuna wa kuulaumu. Maji yashukayo Mlima Elgon kwa Mto Manafwa, yakipita si mbali na Mbale, hunywesha mashamba ya Doho wilayani Butaleja, ambayo yalianza kutengenezwa katika miaka ya 1970. Lakini kila funjo linapong'olewa, maji hufunguka na kupata hewa, na penye hewa samaki mla wenzake hupata njia. Ua limevunjwa. Jambo hili yafaa lifahamike na yeyote anayemtia nkejje katika chombo chake, kwa maana anachotunza si pambo tu.

Sasa kuhusu tangi. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita 54, nalo latosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Mafundi wa vioo wa mjini huweza kuliunganisha kwa gundi ya silikoni. Gundi hiyo na ikauke barabara kabla ya kutiwa maji, na iwe ile isiyochanganywa na dawa ya kuua ukungu. Lita 54 ni kilo 54, bila kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya kuwekea redio haifai. Wala tangi lisielekezwe dirishani, maana jua la mchana hulitia mwani hata likawa kama supu ya mchicha.

Chini na kutiwe mchanga laini wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe. Dume hupenda kuchimba, na changarawe zenye ncha humchubua mdomo. Mawe mawili matatu yapangwe kuwa pango, na majani ya majini yapandwe kwa wingi upande mmoja, kwa maana jike asiye na pa kujificha hana amani. Kifuniko ni cha lazima. Samaki akishtuka huruka, na paka wa jirani hahitaji kualikwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasitudhuru sisi, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Maji yakae katika ndoo wazi mchana na usiku kabla ya kutumika. Hata hivyo maji yaliyokaa bado si maji yaliyo tayari. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na katika tangi jipya hakuna wa kuila. Wanaoila ni bakteria, nao huota polepole juu ya mchanga, mawe na sponji ya chujio kwa muda wa majuma manne hadi sita. Katika muda huo atiwe samaki mmoja au wawili tu, wapewe chakula kidogo, na maji yabadilishwe kidogo kidogo. Baadaye, mara moja kwa juma, robo ya maji itolewe na robo mpya itiwe. Sponji isuuzwe katika maji yale yaliyotolewa, kamwe isioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya bomba. Yule mwenye nyumba aliyesugua mawe kwa sabuni aliua watumishi elfu nyingi asiowaona, na pengine samaki wake wote wangekufa juma lililofuata hata kama yule mama asingeguswa.

Pampu ndogo ya hewa ni nzuri. Lakini umeme hukatika, hata katika mji wa Jinja ulio na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na usiku wa giza mwenye samaki wa kigeni hukosa usingizi. Mwenye nkejje wa mafunjo aweza kulala. Samaki wake akiona hewa imepungua hupanda juu na kunywa ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa, ambao una oksijeni zaidi. Kumwona akifanya hivyo saa moja umeme ulipokatika si hatari. Kumwona hivyo kila siku ni habari nyingine: maji yameoza, au chakula kimezidi, au samaki ni wengi mno.

Joto la nyumba za Jinja kwa kawaida humtosha. Mbale, ambako baridi ya Elgon hushuka usiku wakati wa mvua, yafaa tangi lisiwekwe penye upepo wa mlango. Maji ya nyuzi 22 hadi 27 hayana tatizo.

Kuhusu chakula, nkejje si mteuzi kama yule ndugu wa baharini. Mukene mkavu asiye na chumvi, akisagwa, humfaa sana. Chakula cha dukani pia humfaa. Apewe kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Posho na mkate visitiwe, kwa kuwa huchafua maji kuliko vinavyoshibisha. Lakini karamu yake ni viluwiluwi vya mbu. Dume mwenye haya hung'aa rangi siku anapopata viluwiluwi. Chombo cha kuvivunia kiwe na kifuniko cha wavu, na kimwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku nne, bila kukosa. Kumlisha samaki huku nyumba nzima ikiugua malaria si ufugaji.

Dume hutambulika kwa rangi zake za dhahabu na buluu, na kwa doa jekundu kwenye ncha ya pezi la chini lililo karibu na mkia. Akiwa tayari huchimba shimo dogo mchangani, hutetema mbele ya jike na kumwongoza shimoni. Jike hutaga mayai machache machache, na kila atagapo hugeuka upesi akayaokota kwa mdomo. Mwisho wa shughuli anaweza kuwa na mayai ishirini, au themanini, kwa kadiri ya ukubwa wake. Tangu hapo hali. Siku kumi hadi kumi na nne hupita, naye akiyageuzageuza mayai kinywani ili yapate hewa na yasiote ukungu. Kule kutafuna pasipo na chakula ndiko huko.

Katika siku hizo dume si mpole tena. Yeye haijui mimba ya kinywani. Humfukuza jike akitaka kutagisha upya. Ndiyo sababu majike wawe zaidi ya mmoja, na mafichio yawe mengi. Ikiwa tangi la pili lipo, mama ahamishwe kiasi cha siku ya nane au ya tisa, usiku taa zikiwa zimezimwa. Asitumiwe wavu. Bakuli kubwa lizamishwe polepole, mama asukumwe kwa mkono kuelekea ndani, kisha bakuli liinuliwe na maji yake. Akitishwa hutema au humeza. Na kwa kuwa kinywa kilichojaa hakina nafasi ya kusukuma maji mengi katika matamvua, mama huyu huhitaji hewa bora kuliko wenzake. Maji ya chombo anachohamishiwa yawe yametoka katika tangi lake lile lile. Ikiwa tangi la pili halipo, aachwe alipo. Vifaranga wachache watasalia, na wachache ni bora kuliko sufuri.

Siku ya kuachiliwa kwao ni siku ya watoto wa nyumba kukaa kimya mbele ya kioo. Vifaranga hutoka kama vumbi lenye macho, huzunguka kichwa cha mama, na mkono wa mtu unapopita hurudi mbio kinywani wakisongamana. Kwa muda wa siku kadhaa, hadi juma moja, hulala humo usiku. Baadaye mama huwasahau, na asipotengwa nao huweza kuwala. Maana njaa ya majuma mawili si mchezo. Apewe chakula peke yake kwa siku kumi kabla ya kurudishwa kwa dume. Vifaranga hulishwa unga laini wa mukene, au chembe ndogo ya kiini cha yai la kuchemsha iliyosuguliwa katika kitambaa ndani ya maji. Chembe ndogo kweli. Yai zima kwa vifaranga thelathini ni maziko.

Katika mwaka mmoja nyumba yenye majike watatu huweza kuwa na vifaranga wengi kuliko vyombo. Hapo huja wazo la kwenda kuwamwaga mtoni. Wasimwagwe Mpologoma wala Manafwa wala ziwani, hata wakiwa wametokana na maji hayo hayo, kwa sababu huenda wamebeba maradhi ya tangini. Na walio wageni, kama samaki wa dhahabu wauzwao mijini, ndio wasikaribie mto kabisa. Kilichompata nkejje wa Ziwa Victoria kilianza na watu wachache waliobeba samaki katika vyombo kutoka maji haya hadi maji yale. Wapewe jirani, au shule iliyo tayari kuwatunza, wakiwa katika mfuko wa nailoni wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, uliofungwa sawasawa na kufunikwa gazeti wasitishwe na mwanga. Kwa safari ya kutoka Jinja hadi Mbale wasilishwe tangu jana yake. Mfuko ukifika uelezwe juu ya maji ya tangi jipya kwa dakika ishirini, kisha uongezewe maji hayo kikombe kimoja kimoja, ndipo ufunguliwe.

Maji machafu yanayotolewa kila juma yapelekwe bustanini. Sukuma na nyanya huyapenda.